Hiyo "A" ni ya Nani?

Annastella alisoma ile sentensi mara tatu, na kila alipoisoma alihisi damu ikipanda kutoka kifuani hadi masikioni.

"Agnetha Mwijage ni mhandisi mstaafu wa maji kutoka Muleba. Mwaka 1987 alikuwa msaidizi katika mradi wa maji ya mserereko wa Ngenge, uliopimwa na kuchorwa na Wilbert Kahigi."

Msaidizi.

Ukumbini pale Nshambya, mjini Bukoba, walikuwa wanawake tisa na kompyuta sita, waya za umeme zimetambaa sakafuni kama mizizi. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi walikutana hapo, wakagawana majina ya wanawake wahandisi ambao kamusi elezo ya mtandaoni haikuwajua, kila mmoja akakaa na jina lake hadi lipate ukurasa. Annastella ndiye aliyeanzisha kundi. Alikuwa amemaliza chuo, kazi hana, ila alikuwa na hasira moja safi: ulimtafuta mwanamke aliyewaletea watu wa kwenu maji, mtandao ukakujibu kwamba hayupo.

Mwanamke huyo alikuwa shangazi yake.

Na hapo ndipo palipokuwa na ugumu, kwa sababu kamusi ina sheria yake: mtu hamwandiki ndugu yake. Annastella aliiheshimu sheria hiyo kuliko wote, maana yeye ndiye aliyewafundisha wenzake. Kwa hiyo jina la Agnetha Mwijage alimkabidhi mtu aliyemwamini kuliko mtu yeyote chini ya jua, mwanamume pekee katika kundi lile, mwenye kidole chepesi na jicho kali la vyanzo. Alimkabidhi Josia Kahigi, mchumba wake.

Jumamosi ijayo watu wa Josia wangekwenda Ngenge kumposa. Na kwa kuwa baba yake Annastella alikwishafariki, aliyekuwa anawasubiri kule, aliyekwisha kuchagua hata mkeka wa kuwakalisha, ni huyohuyo Shangazi Agnetha.

"Mbona umenyamaza hivyo, Stella?" Renatha, aliyekaa naye meza moja, alimgusa kiwiko. "Bando limeisha?"

"Halijaisha."

"Basi funga mdomo, nzi wataingia."

Annastella hakucheka. Aliinua macho. Upande wa pili wa ukumbi Josia alikuwa ameinama nyuma ya mama mmoja, anamwelekeza mahali pa kuweka rejeo, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko. Siku nyingine zote Annastella angeiba dakika moja ya kuitazama ile mikono. Leo aliitazama, na kifua kikamuuma vibaya zaidi, kwa kuwa bado ilikuwa mizuri.

Josia alihisi anatazamwa. Akainua kichwa. Tabasamu lilikuja, likasita njiani, halafu likapotea.

"Nje," Annastella alisema.

*

Walisimama nyuma ya ukumbi, kando ya tangi la maji ya mvua.

"Nisomee," Annastella alisema, akimwonyesha simu. "Kwa sauti yako."

"Stella, najua umekasirika."

"Hujui. Nisomee."

Josia alisoma. Alipofika kwenye neno "msaidizi" sauti yake ilishuka kidogo, kama mtu anayepita mlangoni pafupi.

"Nani alikwambia Shangazi alikuwa msaidizi?"

"Kitabu cha mradi. Ndicho chanzo pekee tulicho nacho. Na unajua mwenyewe, bila chanzo ukurasa wote unafutwa." Alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni, nakala ya kile kijitabu cha zamani cha wilaya. "Sikiliza. 'Ndugu Kahigi alipomfikisha mhandisi Ngenge, alipanda mlima kwa miguu siku kumi na moja akipima mteremko, na ndiye aliyechora njia ya maji.' Hayo si maneno yangu, Stella."

"Rudia."

"Ndugu Kahigi alipomfikisha mhandisi Ngenge, alipanda..."

"Simama hapo. Alipanda nani?"

Josia aliikodolea karatasi macho.

"Hiyo 'a' ni ya nani, Josia? Kahigi alipomfikisha mhandisi. Watu wawili wamefika Ngenge. Mmoja ni mhandisi, mwingine amemleta. Halafu 'alipanda'. Nani alipanda? Aliyemleta?"

"Sarufi inaruhusu..."

"Sarufi." Aliitamka kama kitu kilichooza. "Mtu analetwa kwa sababu ni mhandisi, anafika, anakaa chini ya mgomba anakunywa uji, aliyemsindikiza ndiye anapanda mlima kupima. Hivyo ndivyo ulivyosoma?"

"Nilisoma haraka. Nilisoma vibaya. Kiswahili chetu hakisemi kama ni mwanamke au mwanamume, ni 'a' tu, mtu yeyote angeweza kukosea."

"Mtu yeyote, ndiyo. Wewe hapana. Wewe uliniambia mimi, hapahapa, kwamba mhariri mzuri ni yule anayeliuliza neno mara mbili." Akamnyooshea kidole. "Na nikuulize lingine. Mimi nimekatazwa kumwandika shangazi yangu, nikanyamaza, nikakupa wewe. Wewe nani amekuruhusu kumwandika baba yako?"

Josia alinyoosha mkono kumshika bega, kwa mazoea. Annastella alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa tangi.

"Nitabadilisha," alisema Josia. "Lakini nipe wiki moja. Baada ya Jumamosi."

"Kwa nini baada ya Jumamosi?"

Josia, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alitazama viatu vyake.

Annastella alimtazama utosini, mahali nywele zake zilipojizungusha kama kikapu, mahali alipozoea kuweka kidevu chake wakikaa ufukweni Bukoba. Akajua kuna kitu.

"Baba yako yuko nyumbani leo?"

"Stella, usiende."

Alikuwa amekwisha kumpungia mkono mwenye bodaboda.

*

Njia nzima hadi Kanazi, kwa wazazi wa Josia, alikuwa anapanga maneno, na maneno yote yakamtoka alipomkuta Mzee Wilbert Kahigi akigeuza kahawa juu ya turubai uwanjani, kofia ya kanisani kichwani, taratibu kama mtu asiyedaiwa neno na yeyote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Ngenge hamjambo? Karibu, waitu, karibu mwanetu. Mama Josia, mkwe amekuja."

Mama Benadetha, mama yake Josia, alitoka na kisahani cha kahawa ya kutafuna, kama nyumba yoyote ya Kihaya inavyompokea mgeni. Annastella alichukua punje mbili kwa mikono miwili, akazishika kiganjani. Hakuzitia kinywani.

"Baba, nimekuja na swali moja."

"Uliza."

"Nani alipima maji ya Ngenge?"

Mzee hakuacha kugeuza kahawa. "Kumbe umesoma. Josia ameniambia imekaa vizuri."

"Nimesoma, baba."

"Basi. Nenda Muleba yote uulize maji yale ni ya nani. Watakwambia ni ya Injinia Kahigi. Pale usharikani kwetu wananiita hivyo hadi leo. Hakuna aniitaye Wilbert."

"Wanakuita. Sijauliza unaitwaje."

Mama Benadetha alivuta pumzi. Mzee alisimamisha reki yake, akamtazama msichana huyu aliyekuja kwa pikipiki na vumbi hadi kwenye kope.

"Binti, nikwambie kitu kama mzazi. Mimi ni Mlutheri, baba yangu Mlutheri, babu yangu alibeba matofali ya kanisa lile unaloliona pale juu. Mwanangu amekuja akaniambia anataka kufunga ndoa kwa mapadre, kwenu. Unajua nililala siku ngapi bila kula? Lakini nimekubali. Kwa ajili yako. Nikamwambia, sawa, Josia, mimi nimekupa hili, na wewe nipe moja. Unaandika kwenye mtandao wa dunia nzima. Andika jina la baba yako mahali ambapo watu wamekwisha kuliweka. Nimekosa nini?"

Annastella alisikia pikipiki ya pili ikizima nyuma yake. Hakugeuka. Alijua hatua zile. Alikuwa amezisubiri miezi mingi kwenye ngazi za ukumbi wa Nshambya.

"Baba, umemwambia?" Josia alisema, kwa sauti ndogo.

"Ni mkeo mtarajiwa. Kwani ilikuwa siri?"

Sasa Annastella aligeuka.

"Kwa hiyo hukusoma vibaya."

"Stella, nilifanya kwa ajili yetu. Miezi saba baba alikataa. Ulilia mbele yangu, ukasema huwezi kuolewa nje ya kanisa lenu, mama yako atakufa. Nilikuwa nifanye nini? Ni sentensi moja. Ni sentensi moja tu, na baadaye ningeirekebisha, hakuna ambaye angejua."

"Umenilipia mahari kwa jina la shangazi yangu."

Jogoo alipanda pembeni ya turubai, akadonoa kahawa, akaona si chakula.

"Umesema kitu kizito," alisema Mzee Kahigi.

"Ni kizito, baba. Nakibeba tangu asubuhi." Alipita katikati yao, akaingia sebuleni bila kukaribishwa, jambo ambalo lingemfanya mama yake amtandike. Walimfuata.

Juu ya kochi ilining'inia picha aliyoiona mara nyingi, akaisifu mara nyingi, akidhani anaifahamu. Kipande cha gazeti, kimewekwa kwenye fremu pana ya mninga. Mtu wa mbele amevaa buti na suruali, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi, ameinamia darubini ya kupimia ardhi. Nyuma yake kijana mwembamba ameshika ile fimbo ndefu yenye namba, anatabasamu. Ulikuwa uso uleule wa Josia, ila wa miaka thelathini na saba iliyopita.

Mara zote Annastella alikuwa amemtazama kijana mwenye fimbo. Leo alimtazama mwenye darubini, akaona namna alivyolalia mguu wa kushoto. Shangazi Agnetha husimama hivyohivyo hadi leo akichambua maharage.

"Picha ya gazeti huwa na maneno chini," alisema. "Ya hii yako wapi?"

"Fremu imeyameza," Mzee alijibu haraka.

"Josia. Umewahi kuyasoma?"

"Kioo kilipasuka mwaka jana. Nilikipeleka kwa fundi pale mjini."

"Sijauliza kioo."

Josia alimtazama baba yake. Annastella aliuona mtazamo ule, na kwa nukta moja alimhurumia: mtoto aliyekua chini ya picha ile, anayeambiwa kila Krismasi kwamba baba yake alileta maji. Lakini huruma ilikuja ikaikuta hasira imekwisha kukaa kwenye kiti, nayo hasira haikunyanyuka.

"Mwijage alilala kwetu siku kumi na moja," alisema Mama Benadetha.

Wote waligeuka. Alikuwa bado amesimama mlangoni na kisahani chake.

"Benadetha," mumewe alisema.

"Tata Josia, na mimi nina mdomo. Tulikuwa tumepanga chumba pale Ngenge, wewe karani wa mradi. Alikuwa anarudi jioni na matope hadi magotini. Nilimchemshia maji ya kuoga. Aliniambia, dada, mwakani utafungua bomba hapa mlangoni. Na nilifungua." Aliweka kisahani mezani. "Ulimbebea fimbo. Ulimbebea vizuri, mvua na jua. Sijui kwa nini haikukutosha."

Mzee Kahigi alikaa kwenye kochi, chini ya picha yake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli.

Annastella aliweka zile punje mbili za kahawa mezani, kavu, jinsi alivyozipokea. Mama Benadetha aliziona, akafumba macho. Kila mtu chumbani alielewa maana ya mgeni kurudisha kahawa: ameukataa ukarimu wa nyumba.

"Jumamosi msije," alisema.

*

Josia alimkimbilia hadi kwenye migomba ya mwisho ya kibanja chao.

"Niambie nifanye nini. Nitafanya sasa hivi."

"Sitakwambia."

"Stella."

"Nikikwambia utafanya kwa sababu nimekwambia. Baba yako alikwambia, ukafanya. Kesho mwingine atakwambia." Machozi yalikuwa yamefika, akayaacha yashuke, hakuyapangusa. "Unajua kinachoniuma? Si kwamba ulidanganya. Ni kwamba uliniacha nikuelezee sarufi. Nilisimama kando ya lile tangi nakufafanulia 'a' kama mwalimu wa darasa la nne, na wewe ulikuwa unajua."

Alipanda pikipiki. Simu ilimlilia njiani, ni Renatha.

"Nimeona ukurasa," Renatha alisema, upepo ukikatakata sauti. "Huyu mwanamume wako ana wazimu. Mimi si ndugu yenu, sheria hainihusu. Nipe dakika tano nimrudishe Shangazi mahali pake."

"Usiguse."

"Nini?"

"Usiguse, Renatha, wala Lilian wala mwingine yeyote wa kundi asiguse. Mkimrekebishia ninyi, mimi sitajua kamwe nilikuwa naolewa na nani."

*

Jumapili baada ya misa alikuwa Ngenge. Hakumwambia Shangazi Agnetha chochote hadi walipomaliza kula, na hata hapo alianza kwa kuzunguka, hadi Shangazi akamkatiza.

"Mwana wa kaka yangu, mimi nimepima milima. Njia iliyopinda naijua. Sema."

Annastella alisema yote. Picha, punje za kahawa, "a".

Shangazi Agnetha alisikiliza huku akichambua maharage, mguu wa kushoto umebeba uzito. Mwisho alicheka kidogo, bila furaha.

"Wilbert. Alikuwa ananiita 'mkubwa'. Mradi ulipofunguliwa, mkuu mmoja alikuja kutoka mjini, akauliza mhandisi yuko wapi, nikanyoosha mkono. Akanipita, akampa Wilbert mkono. Wilbert akaupokea. Mimi nilimtazama tu, nikangoja aseme. Hakusema." Alitupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Miaka thelathini na saba namngojea aseme."

"Nimewakataza wasije, Shangazi."

"Umewakataza kwa hasira yako au kwa hasira yangu?"

"Zote mbili."

"Yangu niachie. Nimeifuga muda mrefu, imenizoea. Kijana wako amesema nini?"

"Hajapiga simu."

Alisema hivyo kwa ukali, ili isisikike kwamba tangu jana alikuwa ameitazama simu hiyo kama mgonjwa anayemtazama daktari. Aliifungua tena, ili tu aonyeshe kwamba hakuna kitu. Ukurasa ulichukua muda kufunguka. Mtandao wa Ngenge hupanda mlima kwa miguu.

Ukurasa ulikuwa umebadilika.

"Agnetha Mwijage ni mhandisi mstaafu wa maji. Mwaka 1987 alipima na kuchora mradi wa maji ya mserereko wa Ngenge." Chini yake rejeo la gazeti, tarehe, namba ya ukurasa. Hapakuwa na Kahigi yeyote.

Moyo ulimruka. Lakini alikuwa mhariri. Hakuamini ukurasa kabla ya kutazama historia yake. Aligusa mahali pale panapoonyesha nani amebadilisha nini na saa ngapi, mahali ambapo kila mhariri huacha maneno machache ya sababu, na maneno hayo hayafutiki. Jumapili, saa moja na dakika kumi asubuhi. Josia Kahigi.

Alisoma kimya. Kisha, kwa kuwa Shangazi alikuwa amenyoosha shingo, alisoma kwa sauti.

"'Nimerudisha jina la mhandisi. Maneno ya chini ya picha yalikuwa yamefichwa na fremu nyumbani kwetu. Leo nimeifungua mbele ya baba yangu. Toleo la awali halikuwa kosa la kusoma. Nilijua.'"

Mikono ya Shangazi ilisimama juu ya maharage.

"Rudia la mwisho."

"Nilijua."

"Ameandika kwa 'ni'," Shangazi Agnetha alisema polepole. "Angeweza kuandika 'ilijulikana'. Wilaya nzima wangeandika 'ilijulikana'." Aliinamia simu. "Na hayo yatabaki?"

"Yatabaki, Shangazi. Hata akitaka kuyafuta, hawezi. Dunia nzima inaweza kuyasoma, na baba yake, na wachungaji wake."

"Kumbe kuna mahali panapoandikwa nani aliondoa jina na nani alilirudisha." Alipangusa mikono kwenye kanga, mara mbili, ingawa haikuwa na kitu. "Hicho ndicho nilichokikosa mwaka ule."

Kisha akainuka, akaenda hadi kwenye bomba la uani, akalifungua, akalitazama likitiririka, akalifunga. Alipozungumza hakugeuka.

"Wakija, baba yake aje pia. Kahawa nitampa, mimi si mshenzi. Lakini kabla ya kahawa nitampa maji ya bomba hili, bilauri nzima, nimsimamie hadi amalize. Halafu aseme yeye mwenyewe, mbele ya watu, ni maji ya nani. Hilo ni langu. La kwako amua mwenyewe."

Annastella alibaki na simu mkononi. Akilini aliiona fremu ya mninga imelala mezani Kanazi, misumari pembeni, na ile mikono yenye shati lililokunjwa ikiinua kioo mbele ya macho ya mzee. Alimpenda. Alikuwa na hasira naye kiasi cha kutaka kumng'ata. Vitu vyote viwili vilikaa kifuani pamoja, vikisukumana kama abiria.

Aliandika: "Bado nimekasirika. Jumamosi njooni, na baba aje."

Kidole kilisimama juu ya neno "bado". Alifikiri kulifuta. Akaliacha, akatuma.